Kutoka katika Umoja, na Njia ya Kurudi

Mataifa hufungamana kama watu wafungamanavyo, yaani kwa ahadi. Na kila ahadi ina siku ya kufungwa, na huenda ikawa na siku ya kufunguliwa. Katika vitabu vya historia twasoma sana habari za nchi zilizoungana na habari za nchi zilizotengana. Iko habari ya tatu isiyosomwa sana, nayo ni ya nchi zilizosema kwamba zatoka, kisha zikajiuliza kama zaweza kulirudisha neno lao. Je, watu wakipiga kura ya kujitoa katika umoja, waweza kuifuta kura hiyo? Au kura ni kama maji, yakimwagika hayazoleki? Swali hili, msomaji, si la mawaziri na mahakimu peke yao. Wewe usomaye leo katika shule ya Tawa, au ya Kitui, au ya mji mwingine wowote wa Kenya, utakuwa mpiga kura kesho. Na nchi yako ni mmoja wa wanachama 8 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yafaa ulitafute jibu kabla hujaulizwa swali.

Atakaye kulijibu sawasawa hana budi kwanza kutenga mambo matatu ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni kura, nayo ni shauri linalokatwa ndani ya nyumba. La pili ni ilani, nayo ni taarifa wanayopelekewa wenzi wa umoja kwamba shauri limekatwa. La tatu ni kutoka kwenyewe, yaani siku ambayo mkataba huacha kuifunga nchi ile.

Chukua mfano wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja ambacho watu wa Ukambani wakijua vema. Katika miteremko ya Mbooni matuta mengi ya kuzuia udongo yalichimbwa kwa ushirika wa namna hiyo: leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Mwanachama mmoja akikaa na watu wa nyumba yake wakaazimia kujitoa, shauri hilo bado ni la nyumba yake. Kesho waweza kulibadili wala hapana wa kuwauliza. Akienda kwa mwenyekiti akasema, "Msimu huu ukiisha, mimi simo," hapo neno limewafikia wenzake, nao huanza kuipanga kazi bila ya jembe lake. Akitaka kulirudisha neno hilo, hapana budi zitazamwe kanuni za kikundi. Na msimu ukiisha, jina lake likafutwa, hawezi tena kusema kwamba amebadili shauri. Itampasa abishe hodi kama mgeni, na wenzake wana haki ya kumwuliza jembe lake lilikuwa wapi walipokuwa wakichimba. Mambo ya mataifa ni hayo hayo, ila majembe yao ni reli, bandari, ushuru na fedha.

Tuanze na umoja wetu wenyewe. Mkataba ulioiunda upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Kifungu chake cha 145 chaeleza njia ya kutoka. Nchi itakayo kujitoa yatakiwa kwanza ipate kibali cha Bunge lake, kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, wala si theluthi mbili ya wale waliohudhuria siku hiyo. Kisha yatakiwa impelekee Katibu Mkuu wa Jumuiya ilani ya maandishi ya miezi 12. Hapo mkataba waongeza maneno machache yenye maana kubwa: nchi yaweza kuifuta ilani yake kabla ya miezi hiyo 12 kwisha. Na katika muda huo wote wa kungoja, nchi hubaki na wajibu wake kama mwanachama mwingine yeyote.

Tazama hekima iliyomo katika kanuni hii. Theluthi mbili ni kizingiti kirefu, ili umoja usivunjwe na wingi wa kura moja au mbili. Mwaka mmoja ni muda wa hasira kupoa na hesabu kufanywa. Na ruhusa ya kuifuta ilani ni mlango uliorudishwa bila ya kufungwa kwa ufunguo. Waliouandika mkataba walijua kwamba binadamu husema asubuhi neno ambalo jioni hulijutia, na kwamba majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume.

Wala kanuni hii si ya kwetu tu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, ulio sheria ya mikataba yote baina ya mataifa, wasema katika kifungu cha 68 kwamba ilani ya kujitoa yaweza kufutwa wakati wowote kabla haijaanza kutenda kazi. Afrika imeitumia kanuni hiyo. Mwaka 2016 Gambia na Afrika ya Kusini zilitoa ilani za kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, nazo zilikuwa na mwaka mmoja wa kungoja. Gambia ilipata rais mpya, na mwezi wa Februari 2017 serikali yake ikaifuta ilani. Kule Afrika ya Kusini Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua mwezi huo huo kwamba serikali haikuwa na haki ya kupeleka ilani bila ya idhini ya Bunge, na mwezi uliofuata ilani ikaondolewa. Mahakama hiyo ya kimataifa si umoja wa kisiasa, lakini mafunzo ni mawili yatufaayo hapa. La kwanza, ilani yaweza kufutwa. La pili, kabla hujauliza kama neno laweza kurudishwa, uliza ni nani aliyekuwa na haki ya kulitamka.

Mfano uliojulikana zaidi duniani ni wa Uingereza. Nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Tarehe 23 Juni 2016 wananchi wake waliulizwa kama wapenda kubaki katika Umoja wa Ulaya au kutoka, na watu 52 katika kila 100 waliopiga kura walichagua kutoka. Kwa sheria kura ile ilikuwa ya ushauri, kwa hiyo mwezi wa Januari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba serikali haiwezi kupeleka ilani mpaka Bunge litunge sheria ya kuiruhusu. Bunge lilifanya hivyo, na ilani ikapelekwa tarehe 29 Machi 2017. Miaka miwili ya mapatano ikaanza kuhesabiwa.

Katika muda huo watu wengi walianza kuuliza lile swali letu. Baadhi ya wabunge walilipeleka mbele ya mahakama ya Scotland, nayo ikaliuliza Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Jibu lilitolewa tarehe 10 Desemba 2018. Mahakama ilisema kwamba nchi iliyopeleka ilani yaweza kuifuta yenyewe, bila ya kuomba ruhusa ya wenzake, maadamu mkataba wa kutoka haujaanza kutumika na muda wa ilani haujaisha. Lakini iliweka masharti. Uamuzi huo uwe umefuata katiba ya nchi yenyewe, uwe wa maandishi, uwe wazi, na usiwe na masharti ndani yake. Maana yake ni kwamba nchi haiwezi kufuta ilani leo kwa hila ya kujipatia muda, ili iipeleke tena kesho. Arudiye nyumbani na arudi kwa moyo mmoja.

Basi sheria iliruhusu. Mbona haikutokea? Hapa ndipo utakapoona, msomaji, kwamba ruhusa ya sheria na utashi wa watu ni vitu viwili mbalimbali. Zaidi ya watu milioni 6 walitia majina yao katika ombi la kufuta ilani mwezi wa Machi 2019. Siku ya kutoka ikaahirishwa mara tatu. Tarehe 12 Desemba 2019 ukafanywa uchaguzi mkuu: chama kimoja kiliahidi kuifuta ilani, kingine kiliahidi kura ya pili, na cha tatu kiliahidi kutoka upesi. Hicho cha tatu ndicho kilichopata viti vingi Bungeni, na Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Tangu siku hiyo mlango ule wa kufuta ilani haupo tena kwake. Ikitaka kurudi, itaomba kama nchi yoyote nyingine iliyo nje, na kila mwanachama atakuwa na haki ya kusema hapana.

Sasa tuliache neno la sheria, tulitazame neno la haki. Je, ni haki kuwauliza watu mara ya pili jambo ambalo wamekwisha kulijibu? Wako wasemao kwamba si haki. Husema kwamba mtu aliyepiga kura na kushinda, kisha akaambiwa arudi kupiga tena, ametukanwa. Ni kama mwamuzi wa mpira anayeongeza dakika mpaka timu aipendayo ifunge bao. Hoja hii ina uzito, na asiyeuona uzito wake hajui jinsi mtu mnyonge aithaminivyo kura yake, kwa kuwa mara nyingi ndiyo sauti pekee aliyo nayo.

Lakini wako wengine wajibuo hivi: watu wenye haki ya kukata shauri ni wenye haki ya kulibadili. Kama kura ya jana yaifunga kesho milele, basi Uingereza isingeweza kuulizwa mwaka 2016, kwa maana mwaka 1975 watu wake walikwisha kupiga kura ya kubaki, na walishinda kwa watu 67 katika kila 100. Wananchi wa jana si watukufu kuliko wananchi wa leo. Tena mara nyingi mtu hupiga kura ya kutoka kabla hajaujua mkataba wa kutoka utakuwaje. Je, akiisha kuuona na kuuhesabu gharama yake, hana haki ya kusema neno?

Ukizipima hoja hizi mbili utaona kwamba zote zatetea kitu kimoja, yaani heshima ya mpiga kura. Ila moja yamlinda asidharauliwe, na nyingine yamlinda asifungwe. Kwa hiyo jibu la haki haliwezi kuwa "daima" wala "kamwe." Hapana budi liwe na masharti. Kabla ya kuyataja masharti hayo, na tutazame jirani zetu wa baharini, maana wao waliipitia njia hii yote kwa miguu yao wenyewe.

Visiwa vya Komoro, ambavyo lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, vilijitangazia uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 6 Julai 1975. Visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, vikawa nchi moja. Cha nne, Mayotte, kilibaki chini ya Ufaransa. Miaka ilivyopita, watu wa Nzwani na Mwali walinung'unika kwamba serikali ya Moroni, iliyoko Ngazija, yawasahau. Mwezi wa Agosti 1997 visiwa hivyo viwili vilitangaza kujitenga. Rais Mohamed Taki Abdoulkarim alipeleka askari Nzwani mwezi wa Septemba, wakashindwa. Tarehe 26 Oktoba 1997 watu wa Nzwani walipiga kura, na karibu wote waliopiga walichagua kutengana. Viongozi wao walitamani hata kurudishwa chini ya Ufaransa, lakini Ufaransa ilikataa, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukulikubali taifa hilo jipya.

Je, kura ile ilifutwaje? Haikufutwa na askari wa mwaka 1997, maana nguvu iliwaongezea watu uchungu. Wala haikufutwa kwa kuwaambia watu kwamba hawakujua walilolitenda. Ilifutwa kwa kuondolewa sababu yake. Mwali ilirudi kwanza. Kisha tarehe 17 Februari 2001, mjini Fomboni katika kisiwa cha Mwali, pande zote zilitia sahihi mapatano. Na tarehe 23 Desemba 2001 ikapigwa kura ya katiba mpya. Katiba hiyo ilikipa kila kisiwa rais wake na baraza lake, na urais wa Muungano ukawa wa zamu: Ngazija mwaka 2002, Nzwani mwaka 2006, na Mwali baada yao. Watu wa Nzwani hawakurudi katika nyumba ile ile waliyoikimbia; walirudi katika nyumba iliyojengwa upya, yenye chumba chao.

Nisikufiche kwamba njia yao haikuwa laini hata baada ya hapo. Rais wa Nzwani, Mohamed Bacar, alikataa kuondoka madarakani, na tarehe 25 Machi 2008 majeshi ya Komoro na ya Umoja wa Afrika, wakiwamo askari wa Tanzania, yaliingia kisiwani yakamwondoa. Na utaratibu wa zamu nao ulibadilishwa kwa kura ya mwaka 2018. Umoja ni kama matuta ya shambani. Kuyachimba mara moja hakutoshi, kila msimu wataka jembe.

Na sisi je? Sisi tuliwahi kutengana bila ya kura yoyote. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967. Reli ile ipitayo Makindu na Emali ilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Kadhalika bandari, posta na ndege. Lakini Tanzania na Uganda zililalamika kwamba Kenya yafaidi zaidi. Siasa za uchumi zikaachana. Na baada ya Idi Amin kutwaa serikali ya Uganda mwezi wa Januari 1971, Rais Nyerere alikataa kuketi naye, hata baraza la marais watatu likawa halikutani. Fedha zilizopasa kupelekwa katika mashirika ya pamoja zikazuiliwa. Mwaka 1977 shirika la ndege lilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ikafa.

Kumbuka jambo hili, msomaji: wananchi hawakuulizwa. Kwa kuwa hapakuwa na kura, hapakuwa na kura ya kufuta; na kwa kuwa kila upande ulikwenda zake kwa hasira, hapakuwa na mwaka wa kungoja wala siku ya kufikiri. Kugawana mali na madeni kuliwachukua mpaka tarehe 14 Mei 1984, kwa msaada wa msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi. Mapatano ya kuanza tena kushirikiana yalikuja mwaka 1993, na mkataba mpya mwaka 1999. Tangu kuvunjika mpaka mkataba mpya kuanza kutumika ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule mpaka ulipofungwa alikuwa mtu mzima mlango ulipofunguliwa. Morocco nayo iliondoka katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1984, ikarudi katika Umoja wa Afrika mwaka 2017, baada ya miaka 33, na ilibidi iombe kama mwanachama mpya. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, lakini yuko achelewaye sana njiani.

Sasa twaweza kuyataja yale masharti. La kwanza ni wakati: neno hurudishwa kwa urahisi kabla ya ilani, kwa kufuata kanuni wakati wa ilani, na kwa ruhusa ya wenzako baada ya kutoka. La pili ni mamlaka: lililoamuliwa na wananchi kwa kura yao lisibatilishwe gizani na watu wachache, waliolifunga ndio walifungue. La tatu ni jambo jipya: watu wasiulizwe tena kwa sababu tu wakubwa hawakulipenda jibu lao, bali kwa sababu kimejulikana kitu ambacho hakikujulikana siku ya kwanza. La nne, nalo ndilo kubwa, ni malalamiko: watu waliopiga kura ya kutoka walikuwa na sababu, na ukiifuta kura yao ukaiacha sababu yao, umeufukia moto kwa majani makavu.

Nchi yaweza, basi, kuifuta kura ya kujitoa. Sheria yakubali, na historia yashuhudia. Lakini ni rahisi zaidi kuilinda ahadi isivunjike kuliko kuiunga. Mkataba wa Jumuiya yetu wataja shirikisho la kisiasa kuwa mwisho wa safari, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubaliana kwamba muungano legevu zaidi uwe hatua ya kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 255, yasema kwamba mabadiliko ya katiba yagusayo mamlaka ya wananchi au mipaka ya nchi hayana budi kupigiwa kura ya maoni. Yawezekana sana, kwa hiyo, kwamba siku moja karatasi ya kura ya namna hiyo itafika mkononi mwako. Siku hiyo usiulize tu umoja utakupa nini. Uliza pia mlango wa kutoka uko wapi, kizingiti chake ni kirefu kiasi gani, na anayetoka hupewa muda gani wa kugeuka nyuma. Ukiyauliza hayo kabla ya kutia alama yako, utakuwa umewafanyia watakaokuja baada yako kazi ambayo wazee wa mwaka 1977 hawakupata nafasi ya kuifanya.